Madam alisema advansi, darasa zima tukasikia kangomba

Nianze na Harrier, maana video ya Bongo bila Harrier ni kama ubwabwa bila maharage. Hii yetu ilikuwa nyeusi, ya jamaa mmoja wa Ligula hapa Mtwara anayekodishaga kwa harusi, tukapewa masaa mawili kwa elfu hamsini bila mafuta na sharti moja tu, isikanyage mchanga. Sasa wewe fikiria, tunashuti video ya ufukweni, gari ndo kitu pekee cha maana tulichonacho, na gari lenyewe haliruhusiwi kufika ufukweni. Dairekta akalipaki pale juu barabarani Shangani, akachuchumaa chini kabisa na kamera yake mpaka lami ikapotea, ikabaki gari na bahari kwa nyuma, ukiangalia kwenye kiskrini unasema hawa wako Dubai. Nilimvulia kofia.

Mi kazi yangu siku ile ilikuwa kubeba spika. Ndo cheo nilichopewa, na nilipewa kwa sababu msanii ni bro wangu, mtoto wa mama mkubwa. Jina lake la kisanii silitaji, atanigombeza. Ila pia nilijipeleka mwenyewe maana wiki hiyo hiyo chuoni tulikuwa tumeanza kusoma video za muziki na nilitaka kuona kama yale ya darasani yapo kweli au ni mambo ya projekta.

Nasoma stashahada ya utangazaji hapa hapa mjini Mtwara, mwaka wa pili. Tulipoambiwa kwenye somo la midia nusu ya muhula itakuwa video za muziki na biashara ya muziki watu walishangilia wakagonga meza, tukajua hapa ni kukaa tunaangalia Diamond na Zuchu mpaka mtihani. Siku ya kwanza Madam, mwalimu wetu wa hilo somo, akaja na projekta, akachomeka, akaweka na spika, umeme ukakatika. Kwenye mji wa gesi, ndiyo. Akasema basi fungueni madaftari, swali la kwanza: nani analipia video?

Tukajibu msanii. Wengine wakasema menejimenti. Akauliza tena, na wewe unayeiangalia unalipa shilingi ngapi? Hamna. Sasa kitu kinatengenezwa kwa mamilioni halafu kinagawiwa bure, hicho kinaitwaje? Jamaa mmoja nyuma akasema sadaka.

Jibu lilikuwa tangazo. Na hapo ndo akatupeleka Marekani, tarehe 1 Agosti 1981, siku MTV ilipowaka. Mi nilidhani MTV walikuwa wanatengeneza zile video, au wananunua. Kumbe mwanzoni lebo za muziki, yani kampuni zinazorekodi na kuuza nyimbo za wasanii, ndo zilikuwa zinawapelekea bure, kituo kinajaza masaa 24 kwa mali ya watu wengine, lebo nazo zinafurahi kwa sababu mtu akiona video kesho yake anaenda dukani kununua sahani au kaseti. Yani video yenyewe haikuwa bidhaa, bidhaa ilikuwa dukani. Shika hapo maana nitarudi.

Akatueleza pia kwamba hicho kituo miaka yake ya mwanzo kilikuwa hakionyeshi wasanii weusi ila kwa kuhesabu, mpaka David Bowie, mzungu mwenzao, mwaka 1983 akawauliza laivu kwenye mahojiano na hao hao MTV mbona weusi siwaoni. Mwaka huo huo Michael Jackson akapasua na Billie Jean, na kuelekea mwisho wa mwaka ikaja Thriller, karibu dakika 14, kaongoza John Landis ambaye ni mtu wa sinema. Na jinsi hela ilivyopatikana ndo ilinifurahisha kuliko mazombi, kwamba walitengeneza na filamu ya pili inayoonyesha video ilivyotengenezwa, hiyo ndo wakawauzia vituo vya tivii. Yani wameuza moshi wa jiko ili wapate hela ya kununulia nyama.

Nikamsimulia baba jioni. Baba wangu ni mtu wa Radio Tanzania, bendi zote anazijua kwa magitaa, akaniambia nyie mmeharibiwa, sisi wimbo tulikuwa tunauona kwa masikio. Na kweli, huku bara tivii ilikuja 1994 na ITV, Zanzibar walikuwa nayo ya rangi tangu miaka ya sabini mwanzoni ila sisi wa kusini huku hata redio ilikuwa inashika kwa kubembelezwa. Kizazi chake kilimjua mwimbaji miaka ishirini bila kujua sura yake. Leo hii mtu anajua sura, viatu na mpenzi wa msanii, wimbo wenyewe anajua kiitikio tu.

Hiyo ishu ya sura turudi nayo ufukweni.

Kuna mtaalamu anaitwa Andrew Goodwin, tumesomeshwa sana huyo, alikaa akachambua video za muziki akaona kuna vitu vinajirudia. Kimoja ni kwamba lebo inataka klosapu nyingi za sura ya msanii, maana sura ndo nembo, kama vile chapa kwenye mfuko wa unga. Kingine ni uhusiano wa maneno na picha, kwamba picha inaweza kuonyesha kile kile kinachoimbwa, au ikaongezea kitu juu yake, au ikapingana nacho kabisa. Viko na vingine lakini hivi viwili ndo vilinitesa.

Pale Shangani dairekta kila baada ya dakika mbili, "Sura! Leta sura! Watu wakujue!" Bro analeta sura. Jua la saa nne linampiga machoni, anakunja, dairekta anakasirika, vaa miwani, akivaa miwani sura haionekani, vua. Mi nimesimama na spika begani najiuliza, hii sura inatafutwa na lebo gani? Huyu mtu hana lebo. Hana menejimenti, meneja wake ni mimi na mimi nabeba spika. Lakini sharti la lebo limefika Mtwara kabla ya lebo yenyewe.

Halafu slomosheni. Hii niwaelekeze vizuri kwa sababu niliipenda. Ukitaka msanii aonekane anatembea polepole upepo unapeperusha shati lakini midomo ifuatane na wimbo, huwezi kushuti kawaida ukapunguza spidi, midomo itavuta kama mtu aliyechomwa ganzi. Kwa hiyo kamera inawekwa fremu 50, yani picha 50, kwa sekunde, video itaenda kwa 25, maana yake kila kitu kitapungua nusu, kwa hiyo wimbo inabidi upigwe mara mbili ya spidi yake na msanii aimbe nao kwa spidi hiyo hiyo. Sasa ndo spika yangu ikaanza kulia kama panya, tititititi, na bro, kwenye wimbo wa maumivu ya mapenzi, anafukuzana nayo kama mnadi wa nguo za mtumba. Watoto waliokuwa wanaogelea walitoka majini wote kuja kucheka. Alikosea mara nane au tisa, mara ya mwisho maji yalikuwa yameanza kujaa yakaingia kwenye raba nyeupe ambazo hazikuwa zake. Lakini ukiangalia ile shoti leo, aisee, kaka wa watu anatembea kama mfalme.

Kabla ya maji kujaa kulikuwa na kina mama wanaokota chaza pale kwenye miamba, na ndoo zao, wamejifunga kanga kiunoni. Dairekta akanituma nikawaombe wasogee wasiharibu fremu. Nilienda nikawaamkia, shikamooni, nikawaomba, wakasogea bila neno. Sijui kwa nini hiyo ndo sehemu ya siku ile inayonijia nikiwa nimelala.

Sasa kangomba.

Kwa msiotoka huku, korosho zinauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, unapeleka mzigo AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, unapimwa, unaingia ghala kuu, unanadiwa, hela inakuja benki siku nyingine. Mfumo una mazuri yake lakini una kusubiri. Na njaa haisubiri, ada haisubiri. Hapo katikati ndo anaingia kangomba, mtu mwenye hela mkononi, anakulipa sasa hivi kwa bei ya kutupa, mara nyingi korosho zenyewe hata hazijadondoka, bado maua. Msimu ukifika anakuja kuchukua vyake. Ni kosa kisheria na kila mwaka viongozi wanaikemea, mwaka 2018 serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo wakulima walikuwa wanahakikiwa mashambani ili kuwabaini kangomba, lakini mpaka kesho ipo.

Basi Madam siku hiyo anafundisha mikataba. Anaeleza kwamba lebo ikimsaini msanii inampa advansi, hela ya mbele, inamlipia studio, inamlipia video, inamvisha, halafu hizo gharama nyingi zake zinaandikwa kwenye hesabu ya msanii, wimbo ukianza kuingiza hela lebo inakata kwanza mpaka irudishe zote ndo msanii aanze kuona sehemu yake. Kaeleza mara mbili, watu tumekodoa macho. Akachora ubaoni. Bado. Ndo dada mmoja wa Newala, mkimya, hajawahi kuongea tangu mwaka uanze, akasema taratibu, "Madam, si kangomba hiyo?"

Darasa lililipuka. Yani somo la wiki tatu liliingia kwa sekunde moja. Madam mwenyewe sio wa huku ikabidi aelekezwe kangomba ni nini, akacheka, akafuta ubao, akaandika KANGOMBA kwa herufi kubwa.

Lakini ndo uzuri wa huyu mama, hakutuacha tufurahie. Akauliza, kangomba akishachukua korosho zake, mkorosho unabaki kwa nani? Kwangu. Haya. Wimbo una vitu viwili, kuna utunzi, maneno na melodi, na kuna rekodi yenyewe iliyotoka studio, masta. Mikataba mingi ya lebo masta inakuwa ya lebo. Umeshalipa deni lote, umekatwa mpaka shilingi ya mwisho, na masta bado si yako. Kangomba anachukua korosho, huyu anaweza kuondoka na mkorosho.

Kimya. Yule dada wa Newala akanyoosha tena mkono akasema ila Madam, lebo wimbo ukibuma kwa kawaida hawaji kukudai hela mfukoni, wanangoja wimbo mwingine. Kangomba wa kwetu anakuja kuchukua baiskeli. Na hiyo nayo ni kweli, Madam akakubali, tukabishana mpaka kipindi cha watu wengine kikaanza.

Na ukisema mikataba Mtwara lazima jina la Harmonize litajwe, ni mtoto wa hapa, Konde Boy, kila mtu ana maoni kama ya mpira. Alitoka na wimbo wa Aiyola 2015 akiwa lebo ya Wasafi chini ya Diamond, 2019 akaondoka kuanzisha Konde Music Worldwide, akaeleza mwenyewe hadharani kwamba kuvunja mkataba kulimgharimu zaidi ya milioni 500. Nusu ya darasa ikasema alinyonywa, nusu ikasema bila ile lebo mpaka leo usingemjua. Mi naona wote walikuwa sahihi na ndo maana mjadala huwa hauishi. Mtu aliyemkuta mkulima na njaa akampa hela, kamwokoa na kamwibia kwa mkono mmoja.

Kuhusu sheria tulipita mbio, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, halafu BASATA, baraza la sanaa, na nyimbo zilizofungiwa 2018, vitu vya kukariri kwa ajili ya mtihani.

Nikatoka darasani siku hiyo nikampigia bro. Nikamuuliza, video umelipia na nini? Akazunguka zunguka. Mwishowe akasema, alichukua laki nne kwa jamaa mwezi wa nane, atalipa magunia manne. Mikorosho ya mama mkubwa, maua bado yako juu. Gunia ni kama kilo 80, piga hesabu, ni shilingi 1,250 kwa kilo, na msimu ulipofika mnadani bei ilikuwa zaidi ya mara mbili. Laki mbili na nusu ya dairekta, hamsini ya Harrier, sitini chakula na nauli na wadada wawili wa kwenye video, na arobaini iliyobaki akampa mwenye peji moja kubwa ya mjini amposti. Alipostiwa usiku, asubuhi posti imefutwa.

Kwa hiyo mwaka 1981 lebo inatoa tangazo bure ili iuze kaseti. Bro kauza korosho ili atoe tangazo bure. Kaseti iko wapi? Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema YouTube inalipa. Nikamwambia haya, YouTube ili uanze kulipwa matangazo uwe na subscribers 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya mwaka. Video yake ni dakika tatu na sekunde 12. Masaa 4,000 ni dakika 240,000, gawa, unahitaji watu 75,000 waitazame yote mpaka mwisho bila kuruka. Alikuwa na 1,900, na nadhani mia mbili ni mimi.

Maana niliichagua hiyo video kwa kazi yangu ya muhula. Wenzangu wote walichukua za Marekani au za Wasafi, mi nikachukua ya bro, niliitazama mara nyingi bila sauti kama Madam alivyoelekeza, halafu sauti bila picha. Bila picha unasikia prodyuza kaweka ngoma za sindimba chini ya biti, zile zile za kwetu, zinakuvuta kiuno umekaa. Weka picha bila sauti, hakuna ngoma, hakuna mnazi, hakuna mtumbwi, kuna gari na miwani. Na maneno ya wimbo ni mwanaume aliyeachwa kwa sababu hana kitu. Hana kitu, na Harrier. Nikaandika kwa mbwembwe kwamba hapa picha inapingana na maneno, aina ya tatu ya Goodwin. Madam akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: je, msanii alikusudia?

Nikamuuliza bro. Akasema, "We ulitaka nilie kwenye baiskeli?"

Ila kuna kitu nilikigundua kwenye kuangalia huko, dakika ya kwanza na sekunde 47. Kwenye ile slomosheni ya kifalme, nyuma kabisa kulia, mama mmoja wa chaza hakusogea vya kutosha. Kainama, anainuka na ndoo, anageuka anaangalia kamera, na kwa sababu ni slomosheni anageuka polepole sana, sekunde nne nzima. Dairekta hakumwona, edito hakumwona. Niliandika kurasa mbili juu yake, Madam akasema nimetoka nje ya swali lakini akanipa maksi. Nilipomwonyesha mama mkubwa ile video, sura ya mwanae imejaa skrini nzima yeye wala, kafika hapo kashtuka, "Rudisha! Huyu si yule bibi wa pale kwa muuza mandazi?" Akairudia mara tatu.

Wiki mbili zilizopita kuna mtu kaandika, yuko Dar, anasema kaona video anataka kumsimamia bro. Katuma mkataba kwa WhatsApp, picha sita za kurasa, Kiingereza kitupu, ya nne imepigwa na kidole cha mtu juu. Jumapili nikaenda, tukakaa barazani mimi na bro, mama mkubwa anaipua ming'oko. Nikawa nasoma natafsiri kadiri ya uwezo wangu. Miaka mitano. Advansi milioni moja na nusu. Gharama zote za video na promo zitarudishwa kwanza. Masta mali ya kampuni. Bro anatikisa kichwa tu, ameshafika kwenye milioni moja na nusu hajatoka hapo.

Mama mkubwa akaweka sufuria chini, akafuta mikono kwenye kanga. "Hiyo miaka mitano," akasema, "inaanza kuhesabiwa siku anayosaini, au siku anayomaliza deni lao?"

Nikarudi ukurasa wa pili, nikarudi wa kwanza, nikakuza kwa vidole viwili ule wenye kidole. Hakuna mahali pameandikwa. Nikamwandikia yule mtu swali kama lilivyo, neno kwa neno, bila kuongeza langu. Tiki zikawa bluu pale pale, tukasubiri, bro akala ming'oko yangu na yake, na mpaka naandika hapa hajajibu.